Muswada Aliouzika Ardis

Kule kwetu kaskazini mwa Montana, ambako ngano inaanzia mlangoni na kuishia Kanada, mbunge wa jimbo aliyetaka kulala usingizi wa amani alijiuliza kwanza: Ardis Kolstad atasemaje? Si kwamba Ardis alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, aliyeendesha basi la shule mpaka mgongo ukakataa, na aliyeimba vibaya kwenye kwaya ya Walutheri wa Hovrud bila mtu kuthubutu kumwambia. Lakini alikuwa na simu, alikuwa na ulimi, na alikuwa na watu.

Chama cha wenye bunduki cha kaunti yetu kilikuwa na mwenyekiti mwanamume, ila sote tulijua kwamba chama ni Ardis. Bunge letu hukutana majira ya baridi tu, tena mwaka mmoja likaruka mwingine, na wabunge wenyewe ni wakulima, wauza matrekta na walimu wastaafu ambao hawana hata ofisi. Wana kiti na kimeza ukumbini, basi. Ukipiga simu, karani anauandika ujumbe wako kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinapelekwa kwenye kimeza hicho. Ardis alilielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Muswada wowote ulionuka bunduki ukiingia, aliwapigia watu wake, na watu wake wakawapigia watu wao, na kufikia wakati wa chakula cha mchana mbunge haioni meza yake kwa vikaratasi. Siku ya muswada kusikilizwa na kamati, wote wanapanda magari alfajiri, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vya kuwindia, wanakwenda kupanga foleni mbele ya kipaza sauti.

"Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, kwa kumbukumbu, jina langu ni Ardis Kolstad, naishi Hovrud, na ninapinga." Alianza hivyo kila mara. Halafu anavuta pumzi na kuwashukia.

Asije mtu akadhani alikuwa mwanamke wa fujo. Alikuwa mwalimu wetu. Kila mtoto wa kaunti, kabla hajapewa kibali cha kuwinda, alipita mikononi mwake kwenye chumba cha chini cha kanisa, akafundishwa namna ya kushika, namna ya kufungia, namna ya kuvuka waya wa uzio bila kumtoboa rafiki yake. Kila bunduki ina risasi mpaka uhakikishe kwa macho yako mwenyewe. Kila nyumba unayoingia, jua zilipo zote. Tuliopita pale bado tunaisikia sauti yake tukifungua kabati.

Mwaka juzi Wendell Stroh, mbunge wetu, mkulima wa dengu, mtu mpole hata anaudhi, alileta muswada mdogo. Alikuwa ametoka kumzika jirani yake aliyejipiga risasi. Muswada ulisema hivi: mtu akimpa ndugu, rafiki au mwenye duka bunduki zake azitunze, kwa hiari yake mwenyewe, na wakapatana muda, basi yule mtunzaji aruhusiwe kumkatalia mpaka muda huo uishe, bila kuitwa mwizi. Hakukuwa na zaidi. Ardis aliusoma jikoni kwake, akafika kwenye neno "kumkatalia", akaweka kikombe chini. Kwenye tangazo la chama akaandika: "Leo ndugu yako anaruhusiwa kukunyima bunduki yako. Kesho serikali itakuja kudai undugu." Tulicheka kaunti nzima. Muswada ulizikwa asubuhi moja, na Stroh nusura apoteze kiti chake kwa kuuzaa.

Mwaka huu, kwa ukaidi wa watu wapole, Stroh akaurudisha. Ardis hakujisumbua hata kuandika upya. Baada tu ya mwaka mpya alilitoa tangazo lile lile, na simu zikaanza kulia bungeni.

Ndipo mdogo wake alipokuja na pikapu.

Verlyn Tveit alikuwa ndugu yake wa pekee, na ndiye aliyebaki kwenye ranchi ya baba yao. Marlys, mkewe, alikuwa amekufa kwa saratani wakati wa mavuno, haraka kiasi kwamba mitungi ya maharage aliyoifunga yeye mwenyewe ilikuwa bado inaliwa. Binti yao alikuwa mbali, mjini Spokane, anapiga simu Jumapili. Verlyn aliirudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango wa jiko la Ardis, akaanza kushusha bunduki zilizofungwa kwenye mablanketi.

"Napaka rangi chumba," alisema. "Nitunzie."

Kwetu mtu akizidiwa hasemi amezidiwa. Mwanamume akianza kuogopa yale anayoyawaza akiwa peke yake na sefu yake, anazipakia bunduki, anampelekea mtu anayemwamini, na anasema anapaka rangi chumba. Anayepokea haulizi chumba kipi. Wala hamwambii mtu, hata mkewe, hata mchungaji. Upo hata mzaha wa kujibu, na Ardis aliujibu kama inavyotakiwa.

"Rangi gani?"

"Sijaamua."

"Basi usiharakishe. Ingia unywe kahawa."

Aliinywa amesimama, bila kuvua kofia. Alipoondoka, Ardis alizipanga sefuni pamoja na zake, akizitaja moja moja: hii ya baba, hii ya kulungu, hii ya bata, hii bastola ya mjomba Nels yenye kutu. Alizijua zote tangu utotoni. Kisha akakaa kwenye ngazi za kwenda chini na kulia kwa hasira. Alikuwa amekula naye chakula cha Krismasi na hakuona kitu.

Mwishoni mwa Februari ng'ombe wakaanza kuzaa, na Verlyn akapiga simu.

"Rangi imekauka, dada. Niletee zangu."

"Mbona mapema?"

"Kuna ng'ombe kavunjika mguu kule korongoni. Unataka nimuue kwa nyundo?"

Ardis hakumpelekea. Alichukua bunduki yake mwenyewe, akaendesha kwenye barafu mpaka ranchini, akateremka korongoni, na kazi ile akaifanya yeye huku mdogo wake amesimama pembeni na mikono mifukoni, anatazama theluji. Ilikuwa aibu, na wote wawili waliijua. Mwanamume wa umri wake, kwenye ardhi yake, anauliwa ng'ombe na dada yake. Waliporudi, Ardis aliitoa bunduki yake risasi, akaikagua, akaifungia garini. Halafu wakaingia bandani kuwapa maziwa ndama waliokosa mama.

Bandani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa ya unga. Ardis alikuwa ameshika chupa ya pili alipomwona kicheche akipita nje ya mlango, mchana kweupe, anayumba kama mlevi.

"Huyo ana kichaa cha mbwa," alisema. "Atawauma ndama."

Alimpa Verlyn chupa. Kwenye msumari wa mlangoni, kati ya kamba na koti bovu la kazi, kilining'inia kile kibunduki cha risasi ndogo ambacho kila banda la kwetu linacho, cha panya na vicheche. Alikitwaa kama mtu anavyotwaa koleo, akatoka, mlio mmoja ukasikika, akarudi, akakitundika, akaomba chupa yake.

Verlyn alikuwa akimtazama. Alimtazama muda, mpaka ndama akamsukuma paja.

"Bado unajua kulenga," alisema.

"Kicheche mwenyewe hakujificha."

Hakucheka. Alimfuta ndama pua kwa kiganja, kisha akasema bila kuinua uso, "Nitakuja kuzichukua, Ardis. Mbweha wanafika mpaka zizini. Siwezi kukuita wewe kila mara kama mtoto anayeogopa giza."

"Niite tu. Nitakuja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nina kazi gani nyingine?"

"Una kazi ya kuwatisha wabunge." Hapo angalau alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Niambie kitu kimoja. Ni zangu au si zangu?"

Swali hilo Ardis alikuwa amelijibu mbele ya vipaza sauti kwa miaka mingi, na daima jibu lake lilikuwa moja. Safari hii aliinama kumrekebishia ndama chupa.

"Kuna ule muswada wa Stroh," alisema mwishowe. "Unasikilizwa Alhamisi."

"Ule ulioua?"

"Huohuo. Ukipita kwenye kamati, utaniachia bunduki mpaka msimu wa kuwinda kulungu. Utanipa neno lako."

"Na usipopita?"

"Jumamosi njoo uzichukue. Sitakuuliza kitu."

Verlyn aliwaza. Yeye ni mtu wa kufuata sheria kupita kiasi. Alikuwa akisimama kwenye alama ya kusimama hata katikati ya mashamba, ambako gari jingine lingeonekana saa nzima kabla halijafika.

"Haya," alisema. "Waseme wao. Mimi nimechoka kuamua."

Ardis alirudi mjini na maneno hayo kichwani. Alimkuta Travis Bergum, naibu sherifu, mwanafunzi wake wa zamani, anakula pai ya tufaha kwenye mkahawa wa kituo cha mafuta. Akaketi mbele yake bila kuvua koti na kumuuliza swali lake, bila kutaja jina la mtu. Travis hakuhitaji jina. Hovrud haina watu wengi wanaoweza kumtoa Ardis rangi usoni.

"Akija peke yake, mtayamaliza wenyewe," Travis alisema. "Akija na mimi, itabidi uzitoe, Bi Ardis. Ukikataa, naandika kwamba umezuia mali ya mtu."

"Hata kama najua ni kwa nini namnyima?"

"Sheria haina mahali pa kuandika ni kwa nini." Alisukuma sahani pembeni. "Palikuwa na muswada mwaka juzi."

"Najua palikuwa na muswada, Travis."

Alikuwa na siku za kutosha kuwapigia watu wake wa chama na kuwageuza. Simu ilikuwa palepale ukutani, jikoni. Aliishika zaidi ya mara moja. Lakini Garnet Pruitt, makamu wake, mwanamke mwenye duka la mbegu, angeuliza kulikoni, na kulijibu hilo ilikuwa kumtoa Verlyn nje uchi. Kwa hiyo hakumpigia mtu. Alijiambia kwamba wakimwona tu amesimama upande wa pili, wataelewa. Aliendesha kwenda mji mkuu wa jimbo peke yake, kiti cha pembeni kikiwa kitupu kwa mara ya kwanza tangu aanze safari zile.

Stroh alikuwa amesimama kwenye korido ya bunge, chini ya picha ya mchimba dhahabu fulani, anakula mkate wenye nyama ya bata mzinga kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Alipomwona Ardis, aliacha kutafuna.

"Umewahi," alisema. "Mazishi ni kesho."

"Nimekuja kuunga mkono, Wendell."

Stroh alitazama nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa rundo la vikaratasi. "Hivi ni vya leo asubuhi tu. Vyote vinasema serikali itakuja kudai undugu. Ni sentensi nzuri. Mke wangu anaipenda."

"Kuna mtu anapaka rangi chumba," alisema Ardis.

Mzaha ulimtoka Stroh usoni. Alikunja mfuko wa mkate taratibu. Hakuuliza nani.

"Pole," alisema. "Pole sana. Nitakuambia ukweli. Kwenye kamati kuna wajumbe wawili wa upande wetu wanaoupenda muswada huu. Waliniambia wenyewe, faraghani. Na hawatausogelea, kwa sababu wanakuogopa."

"Basi nitawaambia wasiniogope."

"Sasa hivi hawakuogopi wewe, Ardis. Wanaogopa simu. Wewe uliifundisha simu kuuma, sasa inauma bila wewe."

Ardis alimtazama mzee yule, ambaye yeye mwenyewe alimwita msaliti mwaka juzi kwenye mkutano wa hadhara mbele ya wajukuu zake, na akaona kwamba hana kinyongo hata kidogo. Kama angekuwa nacho, ingekuwa nafuu.

Alhamisi chumba kilijaa vizibao vya chungwa. Watu wake walimwachia nafasi kwenye kiti chake cha kawaida, mstari wa mbele kushoto, na Garnet akamwashiria kwa mkono. Ardis aliketi kulia. Aliona jinsi Garnet alivyoshusha ule mkono polepole.

Wanaounga mkono huitwa kwanza. Stroh aliusoma muswada wake kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dengu, akakaa. Mwenyekiti akauliza ni nani mwingine. Ardis akasimama.

"Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, kwa kumbukumbu, jina langu ni Ardis Kolstad, naishi Hovrud." Akasogea karibu na kipaza sauti. "Na ninaunga mkono."

Nyuma yake mtu alikohoa. Mjumbe mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Mnanijua. Sina haja ya kueleza nilivyo kuhusu bunduki. Ninazo, baba yangu alikuwa nazo, nimewafundisha baadhi yenu. Ila ninatunza bunduki za mtu. Alinipa mwenyewe. Sasa anazitaka, na mimi naogopa kumpa, na sheria kama ilivyo leo inasema nikimnyima mimi ni mhalifu. Mwaka juzi nilikuja hapa nikawaambia huu ni mlango wa serikali kuingilia. Nilikosea. Ni mlango wa jikoni kwangu. Naomba mniruhusu nimkatalie mpaka awe mzima. Hayo tu." Alikuwa ameandaa mengi zaidi, lakini akaona bora akome hapo.

Mjumbe mmoja, bibi wa makamo kutoka mji wa chuo kikuu, ambaye Ardis hakuwahi kumsalimia hata siku moja, aliinamia kipaza sauti. "Pole, Bi Kolstad. Naomba kuuliza. Bunduki zake zote unazo wewe?"

"Zote," Ardis alisema. "Nazijua tangu nikiwa mtoto. Zote ninazo."

Kisha wakaitwa wanaopinga, na foleni ikaenda mpaka mlangoni. Garnet alikuwa wa kwanza. Alikuwa amejiandaa, maskini, alikuwa ameyakariri. Alitaja jina lake na mji wake, akavuta pumzi palepale ambapo Ardis huvuta, na akasema kwamba leo ndugu yako anaruhusiwa kukunyima bunduki yako na kesho serikali itakuja kudai undugu. Watu wakacheka pale wanapocheka siku zote. Aliyefuata alisema hayohayo kwa namna yake, na aliyefuata. Ardis alikaa mikono mapajani akisikia sauti yake mwenyewe ikija kutoka kwenye midomo ya watu anaowapenda, waliomletea mikate ya viazi alipofiwa na mumewe, waliokoleza moto kwake mgongo ulipomlaza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Alitamani awachukie, akashindwa.

Kamati ilipiga kura kabla ya mchana. Muswada ulikufa kwa kura moja. Mmoja wa wale wajumbe wawili alisema "hapana" huku ametazama dirishani.

Garnet alimfuata mpaka kwenye ngazi, kizibao chake kimefunguka.

"Ungeniambia," alisema. "Ardis, kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Garnet alifikiri, maana ni mtu mkweli. "Sijui. Pengine ningesema yaleyale. Lakini nisingeyasema kwa furaha."

Ardis alimshika bega, akashuka kwenda kwenye gari.

Ilikuwa njia ndefu kurudi, upepo unaisukuma theluji kavu kuvuka lami. Alikuwa akimsikia yule bibi wa mji wa chuo kikuu. Bunduki zake zote? Zote. Alizipitia tena kichwani kwa kujifariji, ya baba, ya kulungu, ya bata, bastola ya Nels. Alizipitia kama alivyokuwa akiwapitisha watoto kwenye mazoezi: mnaingia nyumba hii, mnaanza sebuleni, mnakwenda chumbani, mnakwenda jikoni, mnatoka uani, mnaingia bandani. Pale bandani, mlangoni, mkono wake mwenyewe ukainuka ukatundika kitu kwenye msumari, kati ya kamba na koti.

Alipiga kelele peke yake garini. Kisha akakanyaga mafuta. Alipiga simu ya Verlyn, ikalia mpaka ikakoma. Akapiga tena. Kwetu hakuna anayekiita kile bunduki. Hakiingii sefuni, hakitajwi kwenye wosia, mtu akihesabu silaha zake anakiruka kama anavyoruka jembe. Yeye alikishika kwa mikono yake miwili, akakitumia, akakirudisha mahali pake mbele ya macho ya mdogo wake. Aliomba njia nzima, bila utaratibu, kama mtu anayegombana.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Pikapu ilikuwepo. Nyumbani hakukuwa na moshi. Alikimbia kwenda bandani na mgongo wake ule, akausukuma mlango.

Kibunduki kilikuwa kwenye msumari. Verlyn alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua chache kutoka pale, ndama amelala kwenye buti zake.

Ardis alikitoa, akakifungua, akakitoa risasi. Risasi moja ikaangukia kwenye majani makavu, na Verlyn akainama akaiokota akampa.

"Nilikuwa najiuliza utakikumbuka lini," alisema.

"Nisamehe."

"Nakitazama kila nikilisha hawa. Tangu Januari. Siku ile ya kicheche ulipokitwaa, nikasema, haya, sasa ataondoka nacho, imekwisha. Ukakirudisha." Alisema bila lawama, kwa uchovu tu. "Nikaona hata wewe hukioni."

Ardis alipiga magoti kwenye majani, akamkumbatia kichwa, jambo ambalo hawakuwahi kufanyiana hata kwenye mazishi ya wazazi wao. Alinuka maziwa na jasho la siku nyingi. Walikaa hivyo mpaka ndama akaanza kudai chakula.

"Muswada?" Verlyn aliuliza.

"Umekufa. Kura moja."

"Basi Jumamosi ni zangu."

"Ndivyo tulivyopatana."

Verlyn alitikisa kichwa. "Usinipe, dada."

"Verlyn."

"Nitakuja. Najijua. Kesho au keshokutwa nitaamka nina hasira, nitasema wewe ni mwizi, nitamleta Travis. Usinipe."

Jumamosi alikuja. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi, na Travis alikuwa nyuma yake na gari la kaunti. Verlyn alisimama kwenye theluji ya uani, akamwambia dada yake, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba mapatano ni mapatano, kwamba amegeuka kuwa serikali, kwamba baba yao angemwonea haya. Ardis alimsikiliza mpaka mwisho. Alitafuta usoni mwake yule wa bandani, na hakumwona.

"Sikupi," alisema.

"Ni zangu!"

"Ni zako. Sikupi."

Verlyn alirudi kwenye pikapu, akajifungia, akaweka mikono kwenye usukani akitazama mbele. Travis alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Bi Ardis, tafadhali. Nisaidie nisikuandike."

"Andika, mwanangu."

"Watakunyang'anya kibali cha kufundisha. Pengine na zako mwenyewe watakuja kuzichukua. Unajua?"

"Najua. Nimeisoma sheria hiyo kuliko wewe."

Travis alitoa kalamu, akaipuliza kwa baridi, akauliza jina kwa sababu lazima aulize. Ardis alisimama wima mlangoni pa jiko, kama alivyosimama mara nyingi mbele ya kipaza sauti. Alisema anaitwa Ardis Kolstad na anaishi Hovrud, kisha akamtajia herufi za ukoo wake moja moja ili aziandike sawasawa.